Si Ulozi, Ni Makala: Neno juu ya Usingizi wa Mutoto Muchanga



Katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 3, tunasoma habari ya wanawake wawili waliosimama mbele ya mufalme Solomono. Tumeihubiri habari ile mara nyingi kwa kuonyesha hekima ya mufalme. Tunakumbuka upanga. Tunakumbuka mama wa kweli, aliyekubali kumwacha mwana wake kwa mwingine kuliko kumwona akikatwa. Lakini kuna neno moja tunalolipita mbio. Yule mutoto mwingine alikufa namna gani? Maandiko hayafichi. Alikufa usiku, kwa sababu mama yake alimulalia. Hakuna mufumu aliyeitwa. Hakuna mutu aliyeshitakiwa ulozi. Kifo kilikuwa na sababu, na sababu ile ilisemwa wazi mbele ya mufalme.

Mimi ninauguza wagonjwa na kuhubiri Injili katika milima yetu ya Kivu. Neno ninalotaka kuwaambia leo ni hili: wako watoto wanaokufa usiku katika vijiji vyetu ambao wangeishi kama tungaliwalaza vizuri. Na sisi Wakristo tunakosa mara mbili. Wengine wetu tunatafuta mulozi. Wengine tunasema upesi kwamba ni mapenzi ya Mungu, halafu tunarudi nyumbani na kuwasha mbabula ileile karibu na kitanda kilekile.

Asubuhi moja ya mvua

Watu walinijia mbio asubuhi moja, wakati wa mvua nyingi. Nilipofika nilikuta nyumba nzuri ya matofali na mabati. Dirisha lilifungwa kwa plastiki. Chini ya mulango walikuwa wamesukuma kikwembe ili upepo usipite. Mutoto alikuwa na siku kumi na mbili. Jioni alinyonya vizuri, asubuhi alikuwa amekufa. Mama yake alikuwa akitapika na kushika kichwa. Baba alijaribu kusimama ili anisalimu, miguu yake ikakataa.

Inje, chini ya muti, wazee wa jamaa walikuwa wameanza kukusanyika. Macho yao yalikuwa juu ya mama muzee, mukwe wa yule mwanamuke. Jana yake jioni alikuwa amemupakata mutoto. Tena, tangu ndoa ile, maneno ya mbuzi za mahari yalikuwa hayajaisha kati yake na wakwe wenzake.

Nikauliza: Nani walilala katika nyumba hii? Wakajibu: Baba, mama na mutoto. Nikauliza: Nani ni wagonjwa? Wakajibu: Baba na mama. Nikauliza: Mama muzee alilala wapi? Wakajibu: Alilala peke yake katika nyumba ya jikoni, na moto ulikuwa umezimika. Ndipo mutu mumoja akasema: Munaona sasa! Wote ni wagonjwa, yeye peke yake ni muzima. Ni yeye aliyefanya.

Nikawapeleka ndani, nikawaonyesha mbabula katika pembe ya chumba, hatua mbili tu kutoka kitandani. Majivu yalikuwa meupe na yenye joto. Nikawaambia: Yeye ni muzima kwa sababu alilala mahali pasipo mbabula yenye moto. Wale waliolala pamoja na makala wamekuwa wagonjwa, na aliye mudogo kuliko wote amekufa. Wazee wakanyamaza. Yule mama muzee akaketi chini katika matope na kulia sana. Ninyi munajua namna mambo haya yanavyokwisha katika vijiji vyetu. Kama siku ile moja tu ingalipita, pengine angefukuzwa, na pengine angepigwa mpaka kufa.

Sumu isiyo na harufu

Makala yakiwaka mahali penye hewa kidogo yanatoa sumu ambayo wanganga wanaiita monokside ya kaboni. Haina rangi. Haina harufu. Haichomi macho kama moshi wa kuni. Kwa hiyo wengi wanasema: Makala yakiisha kuwa mekundu, na moshi umekwisha, hakuna hatari tena. Wanakosa kabisa. Makala mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayoua watu katika usingizi.

Kazi moja ya damu yetu ni kuchukua hewa njema, ile oksijeni, kutoka mapafu na kuipeleka mwili wote. Sumu hii inashikamana na damu kwa nguvu inayopita nguvu ya oksijeni zaidi ya mara 200. Ni kama kamyo iliyotumwa kuchukua unga, lakini wezi wakaijaza mawe mbele ya kufika. Kamyo inatembea, lakini nyumbani watu wanakufa njaa. Na mutoto muchanga anapumua mbio kuliko mutu mukubwa. Kwa hiyo yeye anajazwa sumu upesi.

Najua jibu lenu. Munasema: Wazee wetu walilala na moto ndani ya nyumba, nao hawakufa. Ndugu zangu, nyumba ya wazee wetu ilikuwa ya namna gani? Ilikuwa na majani juu na udongo uliopasuka pembeni, na hewa ilipita katika majani usiku kucha. Hata hivyo moshi uliwaharibu macho na kuwaletea watoto kikohozi kibaya cha mapafu. Sisi leo tumejenga kwa matofali na mabati, tumeziba kila tundu, na tungali tunaingiza moto uleule ndani. Tulibadili nyumba bila kubadili desturi ya moto.

Basi agizo langu ni moja: mbabula isilale ndani ya nyumba. Ukitaka kupasha nyumba joto jioni, fanya hivyo mulango na dirisha vikiwa wazi, na mbele ya kulala uitoe inje kabisa, hata kama inaonekana imezimika. Usiache kidogo, usiache kwa nusu saa. Mutu akiamka na kichwa kinamuuma, anatapika, au analegea, mutoe inje kwenye hewa mara moja, wewe pia utoke, kisha mumupeleke hospitali.

Kwa sababu gani mutoto anapata baridi upesi

Mutanijibu tena: Wewe munganga unatunyangʼanya moto, na huku Lubero, Masisi na Walungu usiku ni baridi kali. Mutoto wetu atapata joto wapi?

Ni ulizo jema, maana baridi nayo inaua. Mutoto muchanga mwenye afya ana joto la digrii 36.5 mpaka 37.5. Likishuka chini ya 36.5 amekwisha kuanza kuumia. Ngozi yake ni nyembamba, mafuta ya mwili ni machache, kichwa ni kikubwa kuliko viungo vingine. Tena hajui bado kutetemeka kwa baridi kama sisi. Analegea tu na kunyamaza, na watu wanasema: Angalia mutoto muzuri, halii. Kumbe anazimika kama taa iliyokosa mafuta. Aliyezaliwa na uzito chini ya gramu 2,500, au mbele ya miezi yake kutimia, yuko katika hatari zaidi.

Joto linamutoka kwa njia nne. Linatoka na maji ya mwili yanapokauka, ndiyo sababu tunamupangusa mara tu anapozaliwa, na hatumuoshi mpaka saa 24 zipite. Linachukuliwa na upepo unaopita juu yake. Linaingia katika kitu cha baridi kinachomugusa, kama sakafu, mizani au nguo mbichi. Tena linapotea kuelekea ukuta wa baridi ulio karibu, hata kama haumugusi. Usimulaze kando ya ukuta wa matofali wakati wa mvua. Na nguo ikilowa mukojo, ubadilishe hata katikati ya usiku.

Joto ambalo Mungu amekwisha kuweka tayari

Mungu hakumuumba mutoto bila kumuwekea mahali pa joto. Mahali pale ni kifua cha mama.

Katika mwaka 1978, katika muji wa Bogotá, inchi ya Kolombia, hospitali moja ilikuwa na watoto wengi waliozaliwa mbele ya wakati, na mashini za kuwapasha joto hazikutosha. Munganga Edgar Rey Sanabria akaanza kuwapa wamama kazi ya mashini: wamufunge mutoto juu ya kifua, ngozi kwa ngozi, na kumunyonyesha. Wakaita njia ile njia ya kanguru, kwa mufano wa nyama wa Australia anayebeba mutoto wake katika mufuko wa tumbo. Wengine walifikiri ni dawa ya maskini tu. Lakini katika mwaka 2021 majibu ya kazi kubwa ya uchunguzi yalitolewa. Ilifanywa katika hospitali za Ghana, Malawi, Nigeria, Tanzania na India, na watoto 3,211 wenye gramu 1,000 mpaka 1,799. Waliowekwa juu ya kifua tangu mwanzo walikufa 12 katika kila 100 mbele ya siku 28 kutimia. Waliowekwa kwanza katika vyombo vya joto, na juu ya kifua nyuma, walikufa karibu 16. Na katika mwaka 2022 Shirika la Afya la Ulimwengu, OMS, lilisema kila mutoto aliyezaliwa mudogo au mbele ya wakati awekwe hivi saa 8 mpaka 24 kila siku.

Fanya hivi. Vua mutoto, umwachie nguo ya mukojo, kofia na soksi tu. Mulaze wima kati ya maziwa yako, kifua chake juu ya kifua chako, miguu imekunjwa kama ya chura. Geuza uso wake upande mumoja, pua na kinywa viwe wazi, na shingo isikunjike mbele. Mufunge kwa kikwembe kilichokaza vizuri, kisha uvae nguo yako juu. Ukipumzika, usilale chini kabisa, uegemee na mugongo umeinuliwa. Ukichoka sana, umupe mwingine.

Mwingine ni nani? Ni baba. Nimesikia wababa wakisema kwamba ni haya mwanaume kufungiwa mutoto kifuani. Hata mashemasi wanasema hivyo. Ndugu, unabeba mufuko wa mihogo kutoka shamba mbele ya watu wote bila haya, na mwana wako wa damu unaona haya kumubeba? Kifua cha baba kina joto lilelile. Nimeona baba mumoja akiketi hivyo siku tatu, wakati muke wake alikuwa bado mugonjwa nyuma ya kupasuliwa. Watu walikuja kucheka dirishani. Mutoto yule sasa anasoma darasa la pili, na hakuna anayecheka.

Mahali pa kulala

Sasa turudi kwa yule mwanamuke wa wakati wa Solomono. Mama anapolala usingizi muzito, kitanda kinaweza kuwa mutego. Kwa hiyo joto na ulinzi viende pamoja. Mutoto aliyezaliwa kwa wakati wake na mwenye afya alazwe hivi:

1. Alale chali, usiku na muchana. Asilale juu ya tumbo, wala juu ya ubavu.

2. Awe na mahali pake mwenyewe, karibu na mama, mkono unapofika. Mukeka juu ya majani makavu ya ndizi yaliyokanyagwa mpaka yawe magumu unatosha, au kikapu kipana. Godoro linalobonyea si zuri.

3. Kusiwe na muto wa kichwa, wala manguo mengi karibu na uso wake. Bulangeti lifike kifuani, miguu yake iguse mwisho wa kitanda, ili asiteremke chini yake.

4. Avae nguo moja zaidi ya ile inayokutosha wewe. Gusa shingo na kifua chake, si mikono. Akiwa na jasho, umupunguzie nguo, umuvue na kofia, maana joto nalo likizidi linaua.

5. Chandarua chenye dawa kikunjwe vizuri chini ya mukeka pande zote, kisimuangukie usoni.

Kama nyumba ina kitanda kimoja tu, mutoto alale upande wa mama, si katikati ya baba na mama, wala pamoja na ndugu zake. Na mutu aliyekunywa kasikisi au lutuku, aliyevuta tumbako, au aliyepewa dawa ya usingizi, asilale kabisa kitanda kimoja na mutoto. Mutoto mudogo sana, aliyezaliwa mbele ya wakati, vilevile asilale kando ya mutu kitandani. Afungwe kifuani wakati mutu yuko macho, au awe mahali pake. Hapa sitasema kwa upole. Baba anayetoka kilabuni usiku na kujitupa kitandani pa mutoto hana haki ya kuuliza asubuhi ni nani aliyemuroga.

Tena kuna jambo ambalo sisi wanganga tunapaswa kuungama. Zamani vitabu vya Ulaya na Marekani viliwafundisha wamama kulaza mutoto juu ya tumbo, na wauguzi wakapokea mafundisho yale na kuyaeneza. Tulikosa. Nyuma ya uchunguzi mwingi, Uingereza ilianza katika mwaka 1991 kuwaambia wazazi wote wawalaze chali, na hesabu ya vifo vya usingizini ikashuka zaidi ya nusu katika miaka michache. Kama bibi yako anasema hospitali ilimufundisha tumbo, usimucheke. Pengine anasema kweli. Sisi ndio tuliojifunza vizuri zaidi.

Usimuongezee mzigo aliyefiwa

Lakini nikisema kwamba vifo vingine vina sababu, sisemi kwamba kila mama aliyefiwa na mutoto usiku amekosa. Wako watoto waliolazwa vizuri, bila baridi, bila makala, nao asubuhi wakakutwa wamekufa. Hata katika inchi zenye mashini zote, wanganga wamepasua na kupima, na mara nyingine hawakuona sababu. Rafiki za Ayubu walikaa naye siku saba kimya, na hiyo ilikuwa kazi yao njema. Walikosa walipoanza kumutafutia zambi. Ukienda katika nyumba ya matanga, ukae, ulie nao, upike chakula. Mafundisho ya mbabula uyaache mpaka siku nyingine, isipokuwa moto ungali unawaka pale na wengine wako karibu kufa. Na kusema kwamba ni ulozi, usiseme hata siku moja. Neno lile halimufufui mutoto, linaua na bibi yake.

Wakati wa kukimbia

Mulete mutoto hospitali mara moja ukiona kwamba tumbo lake au miguu yake ni baridi hata baada ya kumufunga kifuani, kwamba anakataa kunyonya, analia kwa sauti ndogo, analegea, anapumua mbio sana, au ana moto mwingi mwilini. Usimungojee muchungaji amalize maombi. Maombi yanaweza kutembea njiani. Na njiani mutoto afungwe kifuani, ngozi kwa ngozi, na kikwembe juu. Usimufunge chupa ya maji ya moto, maana ngozi yake inaungua upesi.

Neno kwa kanisa

Mutoto akizaliwa, tunakwenda na sabuni, tunaimba, tunakula. Ni vizuri. Lakini ninaomba wamama wa kanisa wafanye neno moja zaidi: wawili wao waingie chumbani na kuangalia. Mutoto analala wapi? Chandarua kiko? Mbabula iko wapi usiku? Wakikuta kwamba mama hana kikwembe kikavu cha kubadili, wamutafutie. Kama ni jamaa waliokimbia vita na kulala katika darasa la shule au ndani ya kanisa letu, tuwape kona isiyo na upepo, mbali na moto, na mukeka ulio mukavu. Kutembelea namna hii hakuombi pesa nyingi.

Nehemia na watu wake, walipojenga ukuta wa Yerusalema, walimuomba Mungu, kisha wakaweka walinzi muchana na usiku. Hawakuona kwamba walinzi ni upungufu wa imani. Basi usiku huu, mukiisha kuomba pamoja katika nyumba yenu, musiseme amina na kulala. Baba asimame, achukue mbabula, aitoe inje. Ndipo mulale.